Kinyama juu ya jicho la mbwa: wembe si dawa

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Katika kartie nyingi za mji wa Goma, kuanzia Himbi hadi Ndosho, mbwa ndiye sentineli wa kwanza wa parsele. Anabweka usiku kabla mwenye nyumba hajasikia kitu. Akiwa na minyoo, anatafutiwa dawa. Akivunjika mguu, anafungwa kijiti. Lakini akiota kinyama juu ya jicho, mara nyingi mambo ni mawili: ama anaachwa hivyo hivyo hadi apofuke, ama anaitwa mtu wa avenyu, yule anayekata mikia ya watoto wa mbwa, aje na wembe wake.

Njia zote mbili ni mbaya, na ya pili inaweza kuharibu kwa dakika moja jicho ambalo lingepona. Vinyama vingine vya jicho la mbwa vinapaswa kukatwa, na mbwa akapona kabisa. Vingine havipaswi kuguswa na kisu hata kidogo. Tena hakuna mtu anayeweza kuvitofautisha akiwa amesimama mlangoni na wembe mkononi. Mji huu unahitaji kwanza watu wa kutambua, ndipo watu wa kukata.

Tuanze na kile kinachokatwa, maana ndicho kinachowashangaza watu zaidi.

Mtoto wa mbwa hufungua macho kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya kuzaliwa. Wiki chache baadaye, mwenye mbwa anaweza kuona kitu cha ajabu. Kwenye jicho moja, upande wa nje ulio karibu na sikio, kuna kipande cha ngozi kilichoshikana na jicho lenyewe, na juu yake zimeota nywele. Ni nywele kabisa, kama zile za mgongoni. Jicho linatoa machozi, mtoto wa mbwa anafumba upande huo, na manyoya ya shavu yanabaki yameloa siku nzima.

Hapo maneno huwa hayakosi. Huyu atasema ni mkosi, yule atasema mama wa huyo mbwa alirogwa, mwingine atashauri atupwe kabla ya kuleta mabaya katika parsele. Hakuna mkosi wowote. Waganga wa wanyama wanakiita kitu hicho dermoidi. Mtoto alipokuwa angali tumboni, sehemu ndogo iliyopaswa kuwa ngozi ya uso ilijikuta kwenye jicho, ikakua huko. Ni ngozi ya kawaida yenye mafuta, rangi na mashina ya nywele, ila imekaa mahali pasipo pake. Wafugaji pia wanaweza kukutana na jambo hilo kwa ndama, na hakuna anayemtupa ndama kwa sababu hiyo.

Ubaya wa dermoidi ni mahali ilipo. Inakaa juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho ambacho mwanga hupitia. Konea ya mbwa ina unene unaozidi nusu milimita kwa kidogo tu. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana inang'aa. Kila mbwa anapopepesa, zile nywele zinaisugua kama ufagio mkavu. Siku baada ya siku panatokea kidonda, kidonda kinaleta mishipa ya damu, mishipa inaleta kovu, na kioo kinageuka ukungu. Hakuna tone la dawa linaloweza kuondoa ngozi hiyo. Kung'oa nywele moja moja ni kazi bure, kwa sababu mashina yake yamebaki na zitaota tena.

Dawa yake ni upasuaji, na upasuaji huo unajulikana vizuri. Unaitwa keratektomi ya juu juu, maana yake kuondoa tabaka la juu la konea pamoja na kile kilichoota juu yake. Mbwa analazwa usingizi kamili. Munganga anatumia darubini ya upasuaji, au angalau miwani ya kukuza, na kisu kidogo sana kilichotengenezwa kwa ajili ya macho. Anachora mpaka kuzunguka kile kinyama kwenye sehemu safi, kisha anakibandua polepole kama mtu anayebandua karatasi iliyogandishwa ukutani, akiwa makini asiende chini zaidi ya inavyohitajika. Akibakiza mashina ya nywele, zitarudi. Akienda chini sana, anatoboa jicho. Kati ya makosa hayo mawili kuna sehemu ndogo tu ya milimita.

Baada ya hapo kazi inahamia nyumbani. Mbwa anawekewa matone ya antibiotiki mara kadhaa kwa siku, na dawa ya kutuliza maumivu. Anavalishwa kola pana shingoni ili asikwaruze jicho kwa kucha. Asiyepata kola ya dukani anaweza kukata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, akalainisha kingo zake kwa kitambaa. Ikiwa hakuna uchafu ulioingia, kwa kawaida ngozi ya juu ya konea hufunga ndani ya wiki moja hadi mbili. Hubaki alama ndogo ya kijivu, na mbwa anaona. Kazi ikifanywa vizuri na mashina yote yakatoka, ugonjwa umekwisha kwa maisha yake yote.

Hiyo ndiyo habari njema. Kosa huanza pale mtu aliyeisikia anapoamini kwamba kila kinachoota juu ya jicho kinaondolewa kwa njia hiyo hiyo.

Chukua mbwa wa Kijerumani, wale wanaoitwa berje, ambao watu wenye uwezo mjini Goma wanawapenda kwa ulinzi. Mbwa hawa wana ugonjwa wao wa konea. Huanza kama utando wa rangi ya waridi upande wa nje wa jicho, na baadaye hufika kwenye jicho la pili. Unasogea taratibu kuelekea katikati, unakuwa kama nyama laini, na mwishowe unaacha rangi nyeusi iliyofunika jicho kama pazia. Waganga wanauita panusi. Kwa macho ya jirani, ni kinyama kama kinyama kingine. Lakini hapa ni kinga ya mwili wa mbwa mwenyewe inayoshambulia konea, na mwanga mkali wa jua unachochea moto huo.

Ndiyo sababu ugonjwa huu unasumbua zaidi mbwa wanaoishi mahali pa juu, ambako miale ya jua ina nguvu zaidi. Goma iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Bukavu iko kwenye kimo kama hicho, na Butembo iko juu zaidi. Mtu anayefuga berje katika miji hii, tena kwenye parsele isiyo na mti hata mmoja, anapaswa kulijua jambo hili kabla ya kununua mbwa.

Panusi haiponi kwa kisu. Inatulizwa kwa matone ya kupunguza kinga, kama vile kortizoni au siklosporini, na matone hayo hutumiwa maisha yote ya mbwa. Ukiikata bila matone, inarudi. Kila inapokatwa, konea inapunguka unene, na unene huo haurudi wote. Ni mara chache munganga huamua kukata, pale rangi nyeusi imefunika jicho kabisa, na hata hapo matone hayaachwi. Kivuli mchana, kibanda kizuri na kumfungia mbwa ndani saa za jua kali ni sehemu ya dawa, na hivyo havihitaji dola nyingi.

Kuna hali nyingine za hatari kuliko hizo mbili. Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na kila anayeishi hapa anajua vumbi lake na ukali wa mawe yake. Mbwa anayekimbia usiku, anayepigana au anayerushiwa jiwe, anaweza kutobolewa konea. Tundu linapotokea, ile sehemu yenye rangi ndani ya jicho, inayozunguka mboni, inasukumwa nje na kuziba tundu. Mwenye mbwa anaamka asubuhi na kuona kijivimbe cheusi au cha kahawia juu ya jicho. Anadhani ni kinyama, kumbe ni kizibo kinachozuia maji ya jicho yasimwagike. Atakayekikata kwa wembe amefungua chupa. Jicho litanywea mbele yake na halitarudi.

Kuna pia kidonda cha zamani kinachopona. Ili kukitengeneza, mwili unatuma mishipa ya damu, na panatokea nyama nyekundu juu ya konea. Inatisha kuiangalia, lakini hiyo ndiyo kazi ya fundi iliyo njiani. Kuikata ni kumfukuza fundi kabla hajamaliza ukuta.

Halafu kuna ile nyama nyekundu ya mviringo inayotokeza kwenye kona ya ndani, karibu na pua, hasa kwa mbwa wachanga. Hiyo haiko juu ya konea, ingawa watu huichanganya nayo. Ni tezi ya kope ya tatu iliyotoka mahali pake, na inatengeneza sehemu kubwa ya machozi ya mbwa. Munganga anairudisha ndani na kuishona. Ikikatwa, jicho linaweza kukauka maisha yote, na jicho kavu huleta vidonda na makovu yale yale ambayo watu walikuwa wanayakimbia.

Na kwa mbwa mzee kuna uvimbe wa kweli. Doa jeusi lililoinuka pale konea inapokutana na weupe wa jicho linaweza kuwa uvimbe wa seli za rangi. Mara nyingi kwa mbwa mzee linakua polepole, na munganga anaweza kuchagua kuliangalia tu kwa miezi. Kwa mbwa kijana linaweza kukua haraka, hapo linakatwa na mahali pake panagandishwa kwa baridi kali.

Kwa hiyo, mbwa watano wenye "kinyama juu ya jicho" wanaweza kuwa na magonjwa matano, na dawa tano. Mmoja anahitaji kisu, mwingine matone, mwingine kushonwa haraka siku hiyo hiyo, mwingine kungojewa. Wembe hauulizi ni yupi.

Kutofautisha hakuanzi na mashine za bei kubwa. Kunaanza na tochi nzuri, kioo cha kukuza, na kikaratasi chenye rangi ya fluoresini. Rangi hiyo inaguswa kwenye jicho, inaoshwa kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, kisha jicho linaangaliwa kwa mwanga wa buluu. Penye kidonda pananga'aa kijani. Ni jaribio la dakika mbili. Veterineri asiyekuwa na vikaratasi hivyo hawezi kujua kama jicho lina kidonda au la, na bila kujua hilo hapaswi kuandika tone lolote la kortizoni.

Hapa kuna mtego mwingine. Watu wengi hupitia kwanza farmasi ya kartie na kuomba "dawa ya macho". Wanaweza kupewa chupa yenye deksametazoni, ambayo ni jamii ya kortizoni. Kwa panusi dawa hiyo inasaidia. Kwa jicho lenye kidonda inazuia kupona, inafungulia vijidudu mlango, na konea inaweza kuyeyuka hadi itoboke. Chupa moja, macho mawili, matokeo mawili tofauti kabisa. Mwuza dawa ambaye hajamwona mbwa hawezi kujua anauza lipi kati ya hayo.

Wapo watakaouliza: katika mji uliopitia vita, mji wenye wakimbizi na akina mama wanaohangaika kupata unga wa siku, nani ana muda wa jicho la mbwa? Swali hilo si la kudharauliwa. Mtu mwenye ugonjwa wa jicho mwenyewe, asiye na franga za kwenda hospitali, ana haki ya kuuliza.

Lakini jambo la kwanza linaloombwa hapa halina bei. Kutokata ni bure. Kutoweka maji ya majani katika jicho ni bure. Kumfunga mbwa kivulini na kumzuia asijikwaruze ni bure. Mbwa wengi wangeokoa macho yao kama mtu angeacha tu kufanya lile la kwanza linalomjia kichwani.

Jambo la pili ni la usalama wa watu. Mbwa anayeumwa jicho na asiyeona upande mmoja anashtuka kirahisi, na mbwa aliyeshtuka anauma. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu katika nchi hii, na kila jeraha la meno ya mbwa asiye na chanjo linamlazimisha aliyeumwa atafute sindano ambazo si rahisi kuzipata. Sasa fikiria vijana watatu wamemshika mbwa kwa nguvu, mmoja amemkaba shingo, mwingine anashika kichwa, na mtu anakata jicho lake bila dawa ya usingizi. Mikono yao iko kwenye mate ya mbwa huyo. Tena kule kumkaba shingo kunapandisha shinikizo ndani ya jicho, kwa hiyo hata jicho dhaifu ambalo lingestahimili linapasuka. Ni hatari kwa mbwa na kwa watoto wa watu.

Jambo la tatu ni la haki. Mtoto wa berje anauzwa kwa dola. Anayemuuza anapata faida, na anayemnunua amekubali kulipa. Wawili hao hawawezi kusema kwamba matibabu ya jicho ni anasa. Muuzaji anapaswa kuangalia macho ya kila mtoto wa mbwa kabla hajamtoa, akiwa na wiki 6 au 8, na kumwambia mnunuzi alichokiona. Mbwa aliyezaliwa na dermoidi asizalishwe, kwa kuwa jambo hili linaweza kufuata ukoo. Kumficha mtoto mwenye nywele jichoni na kumuuza jioni, wakati mwanga ni hafifu, ni wizi kama wizi mwingine.

Kuna la kufanya kwa upande wa waganga pia. Congo ina vitivo vya tiba ya wanyama, vikiwemo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo. Lakini Lubumbashi ni mbali sana na Goma, na barabara ya Butembo si ya kutegemea. Januari 2025, vita ilipoingia mjini, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Mwaka huo ulionyesha kwamba ujuzi usiokuwepo Goma kwenyewe hauwezi kuagizwa kwa siku moja. Jicho lililotoboka halingoji barabara ifunguliwe.

Ndiyo maana ni busara veterineri wawili au watatu wa mji wajifunze macho kwa dhati, na wengine wawatumie wagonjwa badala ya kila mmoja kujaribu. Picha nzuri ya jicho, iliyopigwa mchana kwa simu, inaweza kumfikia mwalimu wa kitivo hata pale gari halipiti. Waganga wa macho ya watu nao wasione aibu kushirikiana. Konea ya mbwa na ya mtu zina undani unaofanana, na mkono uliozoea kushona moja unaweza kufundisha mkono wa kushona nyingine. Faida yake haiishii kwa mbwa wa matajiri. Mkono huo huo utamsaidia ng'ombe wa Masisi aliyechomwa na mwiba, na mbwa wa kunusa ambao Hifadhi ya Virunga imewatumia kuwafuatilia wawindaji haramu.

Viongozi wa komini za Goma na Karisimbi wana nafasi moja rahisi. Siku za chanjo ya kichaa, mbwa wengi hukutana mahali pamoja. Mtu mmoja mwenye tochi, akisimama kando ya mwenye sindano, anaweza kuangalia macho ya kila mbwa anayepita na kumwambia mwenyewe: huyu mpeleke kwa munganga wiki hii, huyu mtafutie kivuli, huyu usimguse.

Na mwenye mbwa ambaye leo ameona kitu juu ya jicho la mbwa wake afanye hivi. Ampige picha mchana. Akumbuke kilianza lini, jicho moja au yote mawili, na kama mbwa alipigana au kurushiwa jiwe. Asiweke tone lolote lenye kortizoni. Asikivute, asikibonyeze. Kama kimetokea ghafla usiku mmoja na mbwa anafumba jicho kwa maumivu, amfikishe kwa veterineri siku hiyo hiyo. Akifika, swali lake la kwanza liwe "hiki ni kitu gani?", na veterineri asiyeweza kulijibu asikubali kushika kisu.